Gamba la konokono koni lisitenganishwe na makao yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo linaloachwa mara kwa mara kila inapochapishwa picha ya gamba la Conus geographus, konokono koni wa baharini aliyepewa jina hilo na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758. Gamba husifiwa kwa mabaka yake ya hudhurungi yaliyotandaa kwenye weupe, kisha habari huishia hapo, bila neno lolote juu ya mnyama aliyelijenga wala mahali alipoishi.

Nasikitika kwa sababu gamba hili haliwezi kueleweka nje ya makao yake. Konokono huyu, ambaye gamba lake huweza kufikia urefu wa sentimita 15 hivi, huishi katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, penye matumbawe na mchanga, aghalabu katika maji ya kina kifupi. Mchana hujificha, usiku hutoka kuwinda samaki wadogo waliotulia katika nyufa za mwamba, akiwafunika kwa kinywa kinachotanuka kama wavu na kuwameza wazimawazima. Ndiyo maana si ajabu kwamba uwazi wa gamba lake ni mpana kuliko wa jamaa zake wengi, nalo gamba ni jembamba na jepesi. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba sumu yake ina insulini inayofanana na ya samaki, ambayo hushusha sukari mwilini mwa samaki hadi akalegea na kushindwa kukimbia.

Sumu hiyohiyo imewahi kuua watu, tena waliookota gamba zuri wakidhani ni tupu. Wapo wanaoshauri kwamba konokono huyu ashikwe upande mpana wa gamba. Ushauri huo ni wa hatari, kwani mrija unaorusha jino lenye umbo la chusa hurefuka na kupinda hadi kuvifikia vidole. Hakuna dawa mahususi ya kuipoza sumu hii: aliyechomwa hupooza misuli ya kupumulia, na uhai wake hutegemea kusaidiwa kupumua hospitalini mpaka sumu iishe nguvu.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, kila litakapochapa picha ya gamba hili, litaje makao ya mwenyewe na kuwaonya wasomaji wasimguse konokono koni yeyote aliye hai, hata kwa glavu.

Msomaji wako