Kamati za harusi zipange saa kwanza, michango baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo wengi huku Mbeya tunalinung'unikia njiani tukirudi nyumbani usiku wa manane, alafu ikifika Jumatatu tumeshasahau. Kamati zetu za harusi zinakaa vikao miezi miwili mitatu, kila kikao kinaanza na mweka hazina na kinaisha na mweka hazina, nani kaahidi, nani kapunguza, nani hapokei simu, alafu ratiba ya siku yenyewe inaandikwa kikao cha mwisho dakika za majeruhi, na mara nyingi wala haiandikwi, inachukuliwa ya harusi iliyopita wanabadilisha majina basi. Mimi nimekuwa katibu kwenye kamati za ndugu na majirani muda mrefu, kwahiyo haya nayajua kutokea ndani, na ombi langu ni kwamba tugeuze. Saa zipangwe kwanza, zipangwe na maharusi wenyewe wakiwepo, pesa zifuate.

Mnajua huku kwetu mvua ikishakata na watu wakishavuna, kuanzia mwezi wa sita hivi, Jumamosi ni harusi juu ya harusi. Na ndio miezi ya baridi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai sio wa kumkalisha mzee wa miaka themanini kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa ukumbi, na wenzetu wa Njombe na Makete ndio kabisa, kule hali ni kali zaidi. Sasa angalia Jumamosi yenyewe inavyokwenda. Ibada kadi inasema saa nne asubuhi. Saa nne bibi harusi bado yupo saluni anafungwa shela, mpiga picha anataka apige viatu na pete kwanza, gari limetumwa kumchukua shangazi, mchungaji amesimama mlangoni na ana ndoa nyingine mchana huohuo. Ibada inaisha saa nane, maharusi wanapelekwa kupiga picha, wageni wanaambiwa tukutane ukumbini saa kumi na mbili. Mgeni aliyetoka Kyela au Chunya kati ya saa nane na saa kumi na mbili anaenda wapi? Hana ndugu mjini, anazunguka sokoni Mwanjelwa na mtoto mgongoni na nguo zake za sherehe. Maharusi wanaingia ukumbini saa mbili usiku, keki, shampeni, utambulisho wa ukoo mzima pande zote mbili, nasaha, zawadi, na chakula kinakuja kufunguliwa saa tano. Hapo watoto wamelala kwenye meza, na wale waliokodi Hiace ya kuwarudisha Tukuyu dereva anapiga honi nje.

Ninachoshauri ni kuanza na chakula na kuhesabu kurudi nyuma. Kamati ikubaliane, chakula saa moja na nusu usiku, hapo hakusogei. Basi utambulisho na keki viishe kabla ya hapo, maana yake maharusi waingie saa kumi na moja na nusu, maana yake picha ziishe saa kumi na moja kasoro, maana yake ibada iishe saa nane na nusu kwa kuchelewa sana, kwahiyo ianze saa sita na sio saa nne, na bibi harusi atoke saluni saa tano hata kama nywele moja imebaki. Mkipanga hivi mnajua kabisa dakika zipi ni za kuchezea na zipi sio. Na lile pengo la mchana linapungua, mgeni wa mbali anatoka kanisani anapata chai ya tangawizi na vitafunio palepale kwenye viwanja vya kanisa au ukumbini, hahangaiki.

Alafu foleni ya chakula yenyewe, hapa naomba wenyeviti wa kamati wanisikilize vizuri. Wageni mia tatu, kila mmoja akitumia nusu dakika kupakua, foleni ikiwa moja ni dakika 150, yaani masaa mawili na nusu, ndio maana wa mwisho anakuta sufuria la nyama limebaki mchuzi na anaondoka anasema harusi ile haikuwa na chakula wakati chakula kilikuwepo tele. Weka meza mbili ndefu watu wapakue pande zote, tayari una foleni nne, dakika arobaini wamemaliza. Haiongezi gharama yoyote ya maana, ni meza na vijana wachache wa kuhudumia, lakini kwa mpishi jambo hili halijadiliwi kabisa, kinachojadiliwa ni bei ya sahani basi.

Barabara nayo ihesabiwe. Barabara yetu kubwa ni moja, TANZAM, ile ya kwenda Zambia, malori ya Tunduma yanapita katikati ya mji, na pale Uyole ndipo yanapochepuka ya kwenda Tukuyu na Kyela mpaka Malawi. Kanisa likiwa upande wa Uyole na ukumbi uko Mbalizi, mmeweka maharusi kwenye foleni ya malori siku yao ya ndoa, na lori moja likizima mlimani msafara wote na matarumbeta yake unasimama hapo. Chagueni ukumbi upande mmoja na kanisa. Ukumbi mzuri wa mbali unazidiwa na ukumbi wa kawaida wa karibu, kwangu hilo halina mjadala.

Na hizi picha. Vijana wanataka Ziwa Ngozi, wanataka Daraja la Mungu pale mto Kiwira, wengine Kitulo kwenye maua, na nawaelewa, nchi yetu nzuri jamani kwanini wasipige. Lakini Ngozi ni kupanda mlima kwa miguu msituni, gauni la harusi halipandi kule, na Kitulo maua yanachanua wakati wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, ukienda Julai utakuta majani na baridi. Picha hizo zipigwe wiki moja kabla au baada, siku ya harusi chukueni saa moja tu kwenye bustani ya karibu, alafu mrudi kwa watu wenu.

Sasa nije kwenye kitu kinachoniuma zaidi, maana saa peke yake haitoshi. Harusi zetu zimefanana mno, mpaka ukiangalia video huwezi kujua ni ya nani. Vitambaa vilevile, nyimbo zilezile za kuingilia, emsii yuleyule na maneno yaleyale kwa mama mkwe. Ukimuuliza bibi harusi ni kitu gani hapa umekichagua wewe anakutajia rangi. Hii inatokea kwa sababu maharusi hawakai kwenye vikao, wanaonekana siku ya kwanza kushukuru na siku ya mwisho kuaga, kati hapo wanaamuliwa na watu waliochanga. Mchango ni upendo, na ni utaratibu wetu mzuri sana, bila huo vijana wengi wasingeoa kwa heshima. Lakini aliyechanga elfu hamsini ya kadi ya single au laki ya double amechangia furaha ya watu wawili, hajanunua siku yao.

Kikao cha kwanza kabisa mwenyekiti awaulize wale wawili, na wajibu kwa midomo yao, ni watu gani ambao wasipokuwepo siku hiyo haitakuwa harusi. Nimeona bibi aliyemlea bibi harusi tangu akiwa mdogo, kule Rungwe, analetwa ukumbini anakosa meza kwa sababu kadi ziligawiwa kwa waliochanga na yeye jina lake halikuwa kwenye daftari. Akakaa nyuma na wasaidizi wa jikoni. Lile haliwezi kurekebishwa na keki ya ngazi tano. Wazee wa namna hiyo wapewe viti kabla kadi haijaenda kwa mtu mwingine yeyote, wawekewe blanketi au kitenge kizito kwenye kiti, na kama kuna mmoja anaweza kusema neno la baraka kwa Kinyakyusa au Kihehe au Kibena apewe dakika tano zile tunazozitumia kwa vichekesho. Wageni wasioelewa lugha wataelewa machozi ya mjukuu.

Chakula pia kinaweza kuwa cha kwao. Kwa watu wa Rungwe na Kyela kwanini mbalaga, zile ndizi za kupikwa, zisiwepo mezani, kwanini wali usiwe wa mchele wa Kyela ambao watu wa mikoa mingine wanautafuta na sisi tunao hapa mlangoni? Badala ya muziki wa spika mwanzo mwisho, kikundi cha ling'oma, ngoma ya Wanyakyusa, kiingize maharusi, na wa Iringa wana kiduo chao. Familia mbili za makabila tofauti zikikutana, kama Mnyakyusa na Mhehe, hapo ndio uhondo, kila upande uingie na ngoma yake. Zawadi nazo watu wanapenda kuzipeleka wakicheza na mimi sipendi zifupishwe mpaka ziwe baridi, ila emsii aite kwa makundi, upande wa baba, upande wa mama, kazini, kanisani, majirani, kila kundi wimbo mmoja, sio kuita familia moja moja mpaka saa sita usiku.

Kuna mambo ya karatasi ambayo kamati nyingi zinaachia maharusi wenyewe alafu yanashtukiwa mwishoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaotaka kuoana watoe taarifa siku zisizopungua 21 kabla ya siku ya ndoa, iwe kanisani, msikitini au bomani, na ndoa ishuhudiwe na mashahidi wasiopungua wawili. Makanisani kuna matangazo ya Jumapili tatu na mafundisho ya ndoa, na Wakatoliki wanajua Kwaresma sio wakati wa shamrashamra za harusi. Kwahiyo tarehe ya ukumbi isilipiwe kabla ya kuongea na mchungaji, padri au shehe. Nimeshuhudia kamati imelipa advansi ya ukumbi alafu paroko anawaambia siku hiyo haiwezekani, na mwenye ukumbi akakataa kurudisha hela.

Bajeti ifuate pesa iliyopo mkononi, sio ahadi. Wiki mbili kabla ya siku, mweka hazina asome kilichoingia kweli, na hapo idadi ya sahani ifungwe. Mkipika kwa ahadi mtalia. Na wala msiwape maharusi deni la kamati kama zawadi ya kuanzia maisha, hiyo naiona mara nyingi mno na ni kuwakosea kabisa.

Kwa siku yenyewe teueni mshika saa mmoja. Asiwe emsii, asiwe mpambe, asiwe mama wala baba wa yeyote, awe mtu mtulivu ambaye hataguswa kirahisi. Namba yake apewe dereva, msusi, mpiga picha, mpishi, didjei, mpambaji na mchungaji, na wote waambiwe kwamba akisema tuondoke, tunaondoka. Maharusi simu zao zizimwe, wasiulizwe funguo ya stoo iko wapi. Mshika saa huyo ndiye aende ukumbini asubuhi kuwasha jenereta na kuangalia mafuta, maana umeme haukuagi ukitaka kukatika, na kama harusi ni ya Desemba mpaka Aprili ahakikishe kuna turubai na miamvuli kutoka kwenye gari hadi mlangoni, mvua ya huku haisubiri gauni lipite, Tukuyu hasa.

Na ndiye aweke pembeni sahani mbili. Maharusi wetu karibu wote hawali siku yao, wanalishana keki mbele ya kamera, wanakata ndafu, wanasimama kupokea mikono, saa saba usiku wanatafuta chipsi. Wakishamaliza picha wapewe dakika ishirini kwenye chumba, mlango ufungwe, wale chakula cha moto wawili tu wasitafutwe na mtu.

Mhariri, kwenye matoleo yajayo ningefurahi kusoma kutoka kwa wenzetu wa Iringa, Mafinga, Njombe na Songwe, kamati zao zinafungua chakula saa ngapi na wamewezaje, maana nasikia wapo ambao saa tatu usiku wageni wanaaga, na hao ningependa kujifunza kwao kabla ya msimu ujao.

Ni mimi katibu wa kamati, msomaji wako,
Soweto, Mbeya