Vipele vimekwisha, mkojo bado

Mbezi, Jumapili jioni

Mama Nasri mpenzi,

Salaam aleikum. Hamjambo hapo Tandika? Goti la Bibi limepoa? Sisi huku wazima, joto tu.

Ujumbe wako wa jana umenifurahisha, kisha ukaninyima usingizi. Umesema vipele vya Nasri vimekauka, anacheza mpira, basi kliniki mmeacha. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu utaniitikia "sawa", halafu Baba Nasri akikuuliza nilisema nini utakuwa umeshasahau. Karatasi hii ibandike kwenye friji.

Ule haukuwa ugonjwa wa ngozi. Ni ugonjwa wa mishipa ya damu, purpura ya Henoch-Schönlein. Baada ya mafua yale na koo, mwili ulitengeneza kingamwili (askari wa mwili wa kupambana na vijidudu) za aina ya IgA zilizoshikamana na kunasa kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Mishipa ya ngozi ikavuja, ndiyo yale madoa ya zambarau miguuni na makalioni ambayo ukiyabonyeza hayapotei. Magoti yakavimba, tumbo likamsokota. Sasa, figo nazo zina vichujio vya mishipa myembamba vilevile, na huko hakuumi wala hakuwashi. Kichujio kinaweza kuvuja damu na protini huku mtoto anafunga magoli.

Kwa watoto wenye ugonjwa huu, theluthi moja hadi nusu figo huguswa. Wengi ni kidogo tu na hupona wenyewe, usije ukaanza kulia. Lakini anayeguswa, mara nyingi mkojo wake hubadilika ndani ya wiki 4 hadi 6 tangu vipele vitoke, na karibu wote waliobaki huonekana kabla ya miezi 6 kwisha. Nasri ana wiki 3 tu tangu vipele vitoke! Mmeacha kupima wakati ndio kwanza kipimo kinahitajika.

Kwa hiyo: mkojo na presha kila wiki mpaka mwezi wa kwanza uishe, kisha kila wiki mbili hadi mwezi wa tatu, kisha mara moja kwa mwezi hadi wa sita. Vipele vikirudi, na huwa vinarudi, mnaanza kuhesabu upya.

Mkojo uwe wa kwanza asubuhi. Usiku akojoe kabla ya kulala, akiamka tu akinge kwenye kikopo safi, ufike kupimwa ndani ya saa moja au mbili. Wa mchana, mtoto akishakimbia, unaweza kuonyesha protini isiyo na maana. Mkinunua vijiti vya kupimia nyumbani, angalieni tarehe ya kuisha na kifuniko kifungwe kila mara, maana unyevu wa Dar unaviharibu upesi. Chovya, toa hapo hapo, futa ukingo, kishike kimelala ili rangi zisichanganyike, halafu linganisha na chati ya chupa kwa muda ulioandikwa pale. Kwa protini na damu mara nyingi ni sekunde 60. Rangi inayobadilika baada ya dakika mbili usiihesabu. Na vile vidonge vya vitamini C vya kutafuna msimpe siku moja mbili kabla ya kupima, vikizidi vinaficha damu kwenye kijiti. Kila jibu liandike kwenye daftari pamoja na tarehe.

Protini plasi moja (alama moja ya + kwenye chati), rudieni kesho yake asubuhi. Plasi mbili au zaidi, muombe maabara ipime uwiano wa protini na kreatinini, ile taka ya mwili inayotolewa na figo. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi au Coca-Cola, au kope zimevimba asubuhi, au anakojoa kidogo na kichwa kinauma, ni hospitali siku hiyo hiyo. Tumbo likikaza, akitapika kijani au choo kikiwa na damu, hata usiku wa manane nendeni, utumbo unaweza kuwa umeingia ndani ya utumbo.

Hapa ndipo naogopa zaidi. Hapa kwetu damu kwenye mkojo inaitwa yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) au kichocho, mtoto anapewa dawa, mnarudi nyumbani. Damu ya kichocho kwa kawaida huja mwisho wa mkojo. Ya figo huchanganyika mkojo wote na haiumi. Kabla ya kukubali dawa yoyote, mwambie daktari kwa sauti: "Alikuwa na purpura wiki 3 zilizopita." Waombe waangalie kwa hadubini kama kuna mayai ya kichocho, au chembe nyekundu za damu zilizoshikamana kama vijibomba. Vijibomba hivyo vinatoka kwenye figo.

Presha nayo, wakatae mkanda wa mtu mzima kwenye mkono wa Nasri. Mkanda mkubwa unasoma chini, utaambiwa yuko salama. Apumzike dakika 5 ameketi kwanza. Na 120 juu ya 80, ambayo kwako ni ya kawaida, kwa mtoto wa miaka 6 iko juu.

Magoti yakiuma mpe parasetamoli: ana kilo 20, nusu ya kidonge cha miligramu 500, kila saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki achaneni nazo mpaka figo zithibitike salama, na zile mizizi za Mzee Kondo pia, tafadhali sana. Shemeji anayeng'ang'ania prednisoloni, ile dawa ya kutuliza uvimbe, mwambie inasaidia tumbo na viungo vikizidi, haizuii figo kuguswa.

Umeuliza mbona kadi moja imeandikwa Henoch-Schönlein na nyingine IgA vaskulaitisi. Ni ugonjwa uleule. La kwanza ni la madaktari wawili Wajerumani wa karne ya 19, la pili lilipitishwa 2012.

Sasa nijibu kabla ya Jumatano. Mkojo wa mwisho ulipimwa lini, na protini ilikuwa plasi ngapi? Presha walimpima kweli au walimtazama tu? Soksi zinaacha alama miguuni jioni? Koo limerudi? Nani atampeleka Jumatatu kama Baba Nasri yuko safari, nije mimi? Na Zuwena, ameshajifungua au bado mnanificha?

Wako,
Tatu