Barua ya malalamiko: bunduki ya upepo mliyoniuzia imevuka kipimo cha sheria

Coventry, Uingereza
24 Februari 2026

Kwa Mkurugenzi,
Duka la Bunduki za Upepo na Vifaa vya Shabaha

YAH: KUIKATAA BUNDUKI NILIYOUZIWA TAREHE 7 FEBRUARI 2026 NA KUDAI FEDHA ZANGU

Mzee wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu biashara yenyewe tuliifanya kwa Kiswahili. Jumamosi ile nilipoingia dukani na kijana wangu, ulisikia tunavyosemezana ukauliza, "Nyinyi watu wa wapi?" Nikakwambia Tanga. Ukacheka, ukasema wewe umezaliwa Mombasa, na kwamba miaka yote uliyokaa huku hujawahi kumuuzia mtu bunduki kwa lugha ya nyumbani. Nikakuamkia shikamoo, ukaitikia marahaba. Nakala ya Kiingereza nimeiambatanisha kwa ajili ya mwanasheria wako, kama mambo yatafika huko. Hii ya Kiswahili ni yako mwenyewe, maana maneno uliyoniambia hayamo kwenye risiti.

Nilichokuomba hakikuwa kigumu. Nilisema sijawahi kumiliki bunduki ya aina yoyote, utotoni nilikuwa mtu wa manati tu. Nataka ya kulengea shabaha za karatasi, nyuma ya nyumba na klabuni, mimi na mwanangu wa miaka 15, na sitaki kitu kitakachomleta polisi mlangoni kwangu. Hilo la polisi nililisema mara mbili. Ukanipa somo zuri, sikatai. Ukasema ya springi ni rahisi na haihitaji pampu, lakini inaruka mkononi na humsumbua anayeanza, wakati ile ya hewa ya kushindilia hutulia kama imelazwa mezani. Ukasema ya mtutu wa inchi .177, yaani milimita 4.5, ndiyo wanayoshindania kwenye Olimpiki kwa mita 10, ila ukanishauri nichukue .22, milimita 5.5, kwa kuwa peleti zake, yaani vile vijirisasi vyake, ni nene na mtoto hahangaiki kuzishika kwa vidole vyenye baridi. Nikaridhika. Bunduki pauni 620, darubini 140, vishikio vyake 32, pampu ya mkono 95, begi 36, na makopo manne ya peleti kwa pauni 13 kila moja. Jumla pauni 975, nikalipa kwa kadi palepale.

Niyaseme kwanza yale madogo, niyamalize upesi.

Vishikio vya darubini havikuwa vya bunduki ile. Reli yake ya kufungia darubini ni ile nyembamba ya milimita 11, nanyi mkanipa vishikio vya reli pana ya milimita 21. Nilikaza skrubu mpaka ufunguo ukanikata kiganja, meno yakabaki yanapwaya kama kiatu cha baba kwenye mguu wa mtoto. Jumanne tarehe 10 nikaomba ruhusa kazini nikavirudisha. Kijana wako wa dukani akanibadilishia bila ubishi, nashukuru, lakini akanipa vifupi. Bunduki hii ina kasha la peleti kumi linalochomoza juu ya mtutu. Darubini ikilala kwenye vishikio vifupi, kasha haliingii. Kasha likiingia, darubini haikai. Nikavinunua vya tatu, virefu, kwingine, kwa fedha yangu. Gharama ya hivyo vya tatu siidai kwako.

Darubini nayo. Uliniambia darubini ni darubini. Sasa nimejifunza kwamba sivyo. Hii imetengenezwa kwa bunduki za risasi za kweli, taswira yake imefungwa kwa yadi 100 na haina gurudumu la kurekebisha umbali. Bustani yangu kutoka mlango wa jikoni hadi uzio haifiki yadi 15. Nikikuza mara tisa, karatasi inageuka ukungu. Nikipunguza hadi mara tatu naiona, lakini nikisogeza jicho kidogo kushoto, msalaba unahama kutoka katikati ya shabaha mpaka mstari wa saba, na bunduki yenyewe haijatikisika, imelala juu ya mfuko wa mchele. Wiki nzima mwanangu alikuwa anaamini hana shabaha. Mtoto alikuwa halengi vibaya, mzee. Alikuwa anadanganywa na kioo.

Pampu sina neno nayo, ila ungeniambia kwamba kuijaza bunduki hewa mpaka shinikizo la bar 200 ni mazoezi ya viungo. Mke wangu anasema angalau kitambi kitapungua.

Sasa niingie kwenye lililonikosesha usingizi.

Jumamosi iliyopita, tarehe 21, nilikwenda nayo klabuni kwa mara ya kwanza. Kule hawakuruhusu kuingiza bunduki mpya uwanjani kabla haijapimwa. Yule anayepima ni fundi wa bunduki mwenye leseni ya biashara. Mezani ana kronografu, kijisanduku chenye macho mawili. Peleti ikikatiza jicho la kwanza na la pili, namba nyekundu zinawaka kuonyesha kasi kwa futi kwa sekunde. Akaniuliza natumia peleti gani. Nikampa kopo ulilonichagulia, lenye stika ya bei ya duka lako kwenye kifuniko. Akasoma uzito wa peleti moja kwa kipimo chao cha greini: 18.13. Akapiga ya kwanza: 556. Akachukua kikokotoo chenye vitufe vilivyofutika, akazidisha kasi kwa kasi, akazidisha kwa uzito, akagawanya kwa 450,240, kupata nguvu ya peleti kwa kipimo kinachoitwa futi-pauni. Akaniangalia. Akarudia hesabu. Akapiga nyingine tisa, kila moja akiiandika kwa penseli kwenye kipande cha boksi. Ya chini kabisa 549, ya juu 558, wastani 555. Hesabu ya wastani huo ni futi-pauni 12.4. Hata ile ya chini kabisa ilitoa 12.1.

Akachomoa kasha, akahakikisha mtutu hauna kitu, akaiweka bunduki upande wake wa meza. "Hii hutoki nayo," akasema.

Hunihitaji mimi nikueleze maana yake, wewe ndiye mwenye duka, lakini nataka iwepo kwenye maandishi. Hapa England mtu mzima anaruhusiwa kumiliki bunduki ya upepo bila kibali mradi nguvu yake mdomoni pa mtutu isizidi futi-pauni 12, karibu jouli 16.3. Kwa bastola ya upepo ni 6. Mpaka huo umewekwa na kanuni za 1969 chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya 1968. Ukizidi hata kidogo, chombo kinahesabika silaha ya kuombewa cheti polisi, na kukaa nacho bila cheti ni kosa la jinai. Shemeji yangu yuko Glasgow, Uskoti; kule tangu 31 Desemba 2016 hata ya chini ya 12 huimiliki bila cheti. Sisi wa England tumeachiwa nafasi, na nafasi yenyewe inashikiliwa na namba moja tu. Namba hiyo ndiyo duka lako halikuipima sawasawa.

Nasema halikuipima sawasawa kwa sababu ndani ya boksi kulikuwa na kadi ya duka, imeandikwa kwa kalamu: "Imejaribiwa, 11.3." Haikusema kwa peleti ya uzito gani. Fundi akachukua peleti zake nyepesi za greini 14.35, akapiga kumi tena. Wastani 596, na hesabu ikatoa 11.3 ileile ya kadi yako. Kwa hiyo bunduki mliipima kweli, sikusingizii. Mliipima kwa peleti nyepesi, halafu mkaniuzia nzito, siku moja, begi moja, risiti moja.

Na wewe mwenyewe ndiye uliyenichagulia hizo nzito. Nilinyoosha mkono kwenye makopo ya bei ya chini ukanizuia: "Chukua hizi, hazipeperushwi na upepo." Fundi alinieleza kwa dakika mbili jambo ambalo nina hakika unalijua. Bunduki ya springi hupoteza nguvu ukiipa peleti nzito, lakini hii ya hewa ya kushindilia hufanya kinyume: peleti nzito hukawia mtutuni, hewa ikaendelea kuisukuma, nguvu ikaongezeka. Ndiyo maana anayeipima bunduki ya aina hii huipima kwa peleti nzito. Mpimaji wa polisi halazimiki kutafuta zile nyepesi ili kunihurumia.

Jumatatu nilipiga simu dukani. Ulikuwa hupo, nikazungumza na kijana wako. Nikamsomea namba zote. Akacheka, akasema, kwa Kiingereza, kwamba wengine hulipa fundi ili kupata nguvu ya namna hiyo, mimi nimepewa ya bure. Nilipomwambia silioni la kuchekesha akasema basi nitumie nyepesi, tatizo limekwisha. Nikamuuliza, kama polisi wakigonga mlango nitawaonyesha nini, kopo la peleti? Akasema atakupa ujumbe. Leo Jumanne jioni sijasikia kitu.

Mzee, naomba uupime mzigo ulionitwika. Tangu tarehe 7 mpaka 21 nilikuwa na silaha isiyo na kibali kwenye kabati chini ya ngazi. Kabati lina kufuli na ufunguo nautembeza shingoni, kwa sababu sheria inanitaka nimzuie mtoto asiifikie nikiwa sipo. Nimejenga sanduku la mbao nikalijaza mchanga nyuma ya karatasi, nikaegemeza ubao mzito nyuma yake, kwa sababu peleti ikivuka uzio wangu kwenda kwa jirani nimevunja sheria. Jirani yenyewe ni bibi wa miaka 80 anayetuletea keki. Nimefanya yote yaliyo upande wangu. Kisha nikampa mwanangu bunduki mkononi, nikamsimamia begani, nikamwambia avute pumzi nusu aishikilie, na muda wote huo kilichokuwa mkononi mwake hakikuwa kile ulichosema unaniuzia. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pauni 975. Mimi ni mgeni mwenye makaratasi ya ukaazi. Wewe uliyekuja zamani unajua kosa la silaha linafanya nini kwenye makaratasi ya mtu.

Ninachotaka ni hiki. Chini ya Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 bidhaa lazima ilingane na maelezo yake na ifae kwa kazi iliyosemwa, na nina siku 30 za kuikataa isipofanya hivyo. Leo ni siku ya kumi na saba. Ninaikataa. Sitaki irekebishwe nguvu nirudishiwe, sitaki ya kubadilishana, sitaki hati ya dukani ya kununulia kitu kingine. Nataka fedha irudi kwenye kadi niliyolipia, ndani ya siku 14 kama sheria inavyosema baada ya muuzaji kukubali. Kopo moja nililifungua nikalitumia, hilo nihesabie mimi. Toa 13, zinabaki pauni 962. Usije ukaniambia pampu na begi havina kosa: pampu ya bar 200 bila bunduki nitajazia nini, baiskeli?

Bunduki siwezi kukuletea, na usinitume. Ikiwa iko juu ya kipimo, kuibeba kwenye gari langu ni kosa juu ya kosa. Iko kwa yule fundi, ameiandika kwenye rejista yake ya biashara, na ameniambia ataikabidhi kwa duka lako moja kwa moja, leseni kwa leseni. Ile karatasi ya boksi yenye namba ishirini ameisaini; picha yake, ya kadi yenu na ya risiti zimo kwenye bahasha hii. Darubini, pampu, begi na makopo matatu yaliyofungwa viko kwangu, njoo mchukue siku yoyote baada ya saa kumi na mbili jioni.

Kuna bunduki nyingine tatu za aina hii nilizoziona kwenye rafu yako, kila moja na kadi yake ya kalamu. Zipime upya kabla hujamuuzia mtu mwingine. Kama nisipopata jibu la maandishi kufikia Ijumaa tarehe 6 Machi, nitaipeleka barua hii, ya Kiingereza, kwa ofisi ya biashara ya halmashauri na kwa idara ya polisi inayotoa leseni za wauza bunduki.

Mwanangu anakusalimu. Bado anaiweka ile karatasi ya kwanza aliyoipiga, yenye tundu moja nje kabisa ya duara.

Mteja wako wa Tanga