Lile daftari la koili bado unalo?

Sadiki ndugu yangu,

Salaam nyingi, habari za siku tele, hapa sisi wazima, mama ni magoti tu yanamsumbua wakati wa mvua, anakusalimia. Najua mimi ndio nilinyamaza, usianze. Salamu zimeisha, nina jambo.

Mzee Antena, fundi wetu wa redio, alitutoka mwezi wa pili. Opio aliapa atakupigia na najua hakupiga, Opio ni Opio. Sasa juzi napita sokoni Nakawa namkuta yule kijana wake mdogo ameita watu wa skrepu na mizani yao, anapima vitu vya babake. Kwa kilo Sadiki! Transfoma kwa ajili ya shaba, spika kwa ajili ya sumaku, na yale makopo ya Blue Band aliyokuwa anawekea transista eti ya kumwaga, hayana uzito. Banange, nilishindwa kupita. Nikatoa elfu hamsini nikabeba yote kwa boda, bibi yangu hajaniongelesha vizuri mpaka leo kwa sababu ile ilikuwa hela ya Yaka, ya umeme.

Usiku nikamwaga kopo moja mezani. Transista AC128 za kofia ya bati, BC108, rezista zimekatwa miguu mifupi vile alivyokuwa anazitoa kwa bodi mbovu, na chini kabisa, zimefungwa kwa karatasi ya sigara, dayodi za kioo. Zile zile. Hapo ndio nikakumbuka redio yetu ya bila betri.

Unakumbuka lakini? Koili, waya tuliouzungusha juu ya bomba la karatasi ya chooni, dayodi moja, kile kipande cha sikioni cha simu ya mezani (tulikotoa hiyo simu hata leo siandiki), waya wa kuanikia nguo wa mama yako ndio antena na bomba la maji ndio athi, njia ya kwenda ardhini. Halafu Radio Uganda ikaingia, ndogo kama mbu lakini safi, na Opio akakimbia akisema ni jini. Mama yako akianika mablanketi yaliyoloa sauti inapotea, tunamwombea jua liwake. Mzee Antena ndiye alituambia mnara wa Bugolobi uko hapo tu, nguvu ya kuvuma sikioni inatoka mnarani kwenyewe, waya unaivuna tu hewani. Na pale pale Bugolobi kuna barabara inaitwa Faraday, tulikuwa tunapita tunafikiri ni mzungu fulani wa reli, mpaka tulipomkuta kwa somo la fizikia.

Basi nataka kuitengeneza tena na Abdu, ametimiza kumi na mbili. Nilianza na rangi za rezista, kahawia nyeusi nyekundu ni ohm ngapi, elfu moja, vile tulivyokaririshwa tukikosea tunapigwa kofi la kisogo. Akasema baba, si unapiga picha simu inakuambia. Sawa. Halafu akauliza, hiyo redio itashika nini? Nikamwambia masafa ya kati, yaani AM. Akauliza nani yuko huko. Kwake redio ni FM, na FM hiyo dayodi yetu haishiki, kwa hiyo nilikaa na solda mkononi kama mjinga.

Nikatoa ile redio National ya mzee wangu nimwonyeshe masafa mafupi angalau. Wallahi ni kelele tupu. Kumbe ni hizi balbu za LED na chaja za simu, kila nyumba inanguruma yake, sindano unaipeleka meta 49 mpaka 31 unasikia nyuki tu. Umeme ukikatika ndio nafurahi peke yangu mtaa mzima, watu wanalia na nyama zao za friji mimi natoka nje na redio. Lakini hata hivyo watangazaji wenyewe wanapungua, Sauti ya Amerika tangu ile Machi 2025 imekuwa ya kubahatisha. Nilimwambia Abdu babu yake Januari 1986 alikuwa chini ya kitanda na sisi wote, risasi zinalia nje, redio imebanwa sikioni anasubiri BBC imwambie kinachoendelea Kampala, na sisi tuko Kampala. Alicheka sana. Hiyo ndio ilimgusa, si koili.

Lakini koili naitaka. Na hapo ndio shida yangu, nimesahau mizunguko. Nakumbuka kama themanini na kitu, na ulitoa kichwa cha waya katikati kwa mzunguko wa ngapi ndio ikachuja stesheni vizuri? Wewe ndiye uliandika kila kitu kwa lile daftari la jalada la kijani. Nyumba zetu zilivunjwa 2011 najua, ila wewe ulishahama na masanduku yako. Bado unalo? Au shemeji aliwashia jiko? Unaweza kunipigia picha ule ukurasa tu? Na huko Mombasa bado kuna fundi anabadilisha kitu kimoja kimoja au nao wanatupa bodi nzima? Unasikiliza nini siku hizi usiku? Nikutumie kopo moja la dayodi? Basi linatoka Ijumaa, niambie tu jina la kuandika juu ya mzigo, usije ukasema niandike Injinia.

Ni mimi,
Hamisi