Msimwage kanda za video jaani

Mhariri,

Juzi hapa Langoni nimeona mtu katoa kanda za video gunia zima kazimwaga jaani, punda kapita juu yake, utepe wote nje wapeperuka na upepo. Wallahi roho iliniuma. Sisi tulozikusanya twajua zilivyokuwa zikipatikana, wamwagiza mtu aendae Mombasa, kanda ije kwa basi mpaka Mokowe ivuke na boti, na usiku ukiwasha deki watu wamejaa sebuleni mpaka darakani, wengine hata huwajui.

Kanda ya E-180 yachukua masaa matatu na filamu ya Kihindi nayo ni masaa matatu hayo hayo, sasa mwenye duka aliyezikopi akianza kwa kutia matangazo yake, mwisho wakatika. Kuna moja nimeitazama kama mara kumi na mpaka leo sijui yule jambazi alikufa au alisamehewa.

Vijana wataniambia mzee filamu zote ziko kwenye simu. Sawa, lakini harusi je? Ile kanda ina kijiplastiki pale mgongoni, kikishavunjwa hairekodi tena, ila ukiziba na selotepu yakubali, na ndo tulivyokuwa tukifanya maana kanda tupu zilikuwa ghali. Mimi nina moja imeandikwa filamu ya karate, ngumi zaenda vizuri tu, mara picha yaruka, ni harusi ya dada yangu, marehemu mama apita na sinia ya halwa, amwambia mwenye kamera aondoke njiani. Dakika mbili hivi. Kisha ngumi zaendelea. Mama akitembea, akisema, sina kwengine nampata.

Na wakati watukimbia. VHS, ndiyo aina hii ya kanda, ilitoka Japani 1976, na kampuni ya mwisho kutengeneza deki, Funai ya huko huko, iliacha 2016, kwa hivyo deki hizi zilizobaki ndizo hizo. Halafu hewa yetu hii ya bahari yaleta koga, angalieni kwenye kile kidirisha, mkiona unga mweupe kwenye utepe msiitie kwenye deki hata kidogo, yachafua hedi, kile kichwa kisomacho utepe, na kanda ya pili nayo yaambukizwa. Zisizo na koga zisimamisheni wima kama vitabu, pakavu, mbali na spika maana sumaku yafuta.

Ombi langu kwa jumba la makumbusho hapa Lamu, wekeni deki moja na kompyuta, watu walete kanda zao zikopiwe kabla hazijaoza. Kwa sasa mimi ninayo deki yafanya kazi, ingawa kanda haitoki mpaka uipige kofi ubavuni, na stima ikikatika kanda ikiwa ndani basi twakaa twangoja sote. Mwenye kanda aje, ila za koga abaki nazo kwanza.

Mkusanyaji wa zamani,
Langoni, Lamu