Shoga, simu iwepo, ramani iwepo, na Bibi awepo

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Sisi ni wazima, watoto wanakua, viatu vya mwaka jana havipiti tena. Natumai nanyi huko Tanga hamjambo, na shemeji anaendelea kulifurahia gari lake.

Umeniuliza kama mnunue kile kifaa cha kubandika kwenye kioo cha mbele, cha kuonyesha njia, kabla ya safari yetu ya Desemba kwenda Iringa. Msinunue. Simu ya shemeji inatosha. Hela hiyo nunueni ramani ya karatasi, na chenji itawatosha vitumbua.

Wasiwasi wako wa bando naulewa, lakini sikiliza. Simu kujua ilipo hakuli bando hata kidogo. Inapokea tu mawimbi ya setilaiti zilizo juu huko, zaidi ya kilomita 20,000, kila moja ikitangaza saa yake. Simu ikizisikia nne, inapiga hesabu ya umbali na kujua mko wapi. Kinachokula bando ni picha ya ramani yenyewe na habari za foleni. Kwa hiyo pakueni ramani ya njia nzima mkiwa bado nyumbani, muihifadhi kwenye simu, mtandao ukikata porini mshale wenu utaendelea kutembea.

Foleni ndiyo kazi ambayo simu haina mpinzani. Sisi wa Dar tukitoka alfajiri, mimi ndiye mshika simu mpaka Kibaha. Naangalia Ubungo, Kimara, Mbezi, Kibamba, palipo pekundu namwambia baba watoto mapema. Na unajua inajuaje? Kwa simu za wenzetu walio kwenye foleni hiyo hiyo, zinazosogea polepole. Huwa nawaonea huruma na kuwashukuru kwa pamoja.

Tukishapita Mlandizi naizima sauti yake, na hapo safari inakuwa ya familia. Ramani inafunguliwa kiti cha nyuma. Yetu ni ya kipimo cha 1:2,000,000, yaani sentimita moja ni kilomita 20. Watoto wanachukua uzi, wanaulaza juu ya mstari wa barabara kuanzia Dar, kona kwa kona, kisha wanaunyoosha kwenye rula. Mpaka Chalinze ni kama sentimita 5. Mpaka Iringa ni kama 25, kilomita 500 hivi. Yule wa kati alipouona uzi ule wote alinyamaza, akauliza kama maandazi yatatosha. Tangu hapo hakuna anayeuliza "tumefika?" kila dakika, wanapima wenyewe, na wanagombana wenyewe kuhusu nusu sentimita.

Tuna utaratibu: msoma ramani anabadilika kila mji. Anayepewa Morogoro anafurahi kuliko wote, maana Milima ya Uluguru inajitokeza mkono wa kushoto kama ramani ilivyosema, na yeye anaitangaza kana kwamba ameijenga. Kisha anayepewa Mikumi haangalii ramani kabisa, na simlaumu. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, twiga wako pale pale, tembo wakiwa na heri nanyi mtawaona. Mwambie shemeji aende taratibu, ukigonga mnyama kuna faini, na vijijini ni 50 kwa saa, tochi za trafiki hazilali. Pale hata simu tunaziweka chini. Mtoto anayemwona twiga kwa dirisha nisingependa awe ameinamia mchezo wa simu.

Sasa Bibi. Mama mkwe wangu huketi mbele, na hahitaji ramani wala setilaiti. Ameipita njia ile tangu ujana wake. "Tukiuona mbuyu mkubwa, tumekaribia Mbuyuni," anasema. Nawe utaona, baada ya Mikumi, Mto Ruaha Mkuu ukiambatana na barabara, bonde zima ni mibuyu, mamia kwa mamia, yote mikubwa! Watoto wanacheka mpaka machozi, wanauliza, "Bibi, upi?" Naye hajali. Mbuyu wake anaujua, na tukiufikia anaonyesha kwa kidole, kweli dakika chache mbele tunakuta vitunguu vimepangwa barabarani Ruaha Mbuyuni. Pale alipokuwa hana uhakika, anamwambia baba watoto asimame tuulize. Kuuliza si ujinga, ndiyo kauli yake.

Nampenda kwa hilo, na nadhani yuko sawa kuliko anavyojua. Baadhi ya ramani za simu nazo zimetokana na watu kuulizwa. Hapa Dar, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi, wakapita mtaa kwa mtaa, Tandale na kwingineko, wakichora vichochoro, mitaro na sehemu zinazofurika, vyote vikaingia kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuitumia. Kwa hiyo nikiona kichochoro chembamba kwenye skrini, namwona kijana aliyekipita kwa miguu na mama aliyemwambia maji hufika wapi masika.

Haya, mipango. Nyinyi mtakuja kwa Muheza, Segera, Mkata, mtavuka daraja jipya la Wami, tukutane Chalinze penye njia panda, tunywe chai, kisha tuongozane. Mlima wa Kitonga tutapanda mchana. Zile kona sizitaki usiku, na watoto wayaone mabonde. Ilula tutasimama kwa nyanya.

Njoo na waya wa kuchajia wa simu yako, maana gari letu lina tundu moja na pawabenki yetu hushindaniwa na kila mtu. Uzi ninao. Rula ndiyo imevunjika, kwa hiyo ninyi leteni, ile ya sentimita 30.

Nisalimie shemeji na watoto wote, hasa wajina wangu.

Ni mimi shoga yako,
Mama Zuhura