Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: wa uzamili tunaomba chumba

Profesa, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili chuoni kwetu, hapa Mbeya. Ombi langu ni moja: sisi wa uzamili na uzamivu tutengewe chumba cha kufanyia kazi, chenye meza, makabati ya kufuli na umeme wa uhakika.

Maktaba ipo, na wahudumu wake wanajitahidi sana. Ila wengi wetu ni waajiriwa. Yupo mwalimu anayetoka Mbalizi, yupo muuguzi anayetoka zamu mjini, yupo bwana shamba wa Uyole. Wanafika saa kumi na moja jioni na kukuta viti vimeshajaa wadogo zetu wa shahada ya kwanza, ambao nao wana haki ya kukaa pale, hasa mitihani ikikaribia. Vinabaki vimbweta, yaani meza na viti vya nje. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua za huku hazikuruhusu kufungua kompyuta nje, na zikikatika inaingia baridi ya Juni na Julai, jua likizama vidole vinakufa ganzi.

Hata hivyo, hata viti vingeongezwa, jambo kubwa lingebaki palepale, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Utafiti wetu mwingi ni wa kuongea na watu. Kabla ya mahojiano tunamsomea mshiriki fomu ya ridhaa na kumwahidi kwamba anayotueleza hayatamfikia asiyehusika. Anakubali, anatuambia habari za ugonjwa wake, za ndoa yake, za madeni yake. Bila ahadi hiyo kwa maandishi hatupati kibali cha maadili ya utafiti, na siku hizi ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kisha tunarudi chuoni, tunakaa bega kwa bega na watu tusiowajua, tunaandika neno kwa neno mahojiano yaleyale huku skrini ikisomeka na kila anayepita nyuma. Madodoso yaliyojazwa tunatembea nayo begini, ndani ya bajaji, kwa kuwa hatuna pa kuyafungia. Mwenzetu aliyepanga chumba kimoja Mwanjelwa na watoto wawili atayaficha wapi? Mshiriki yule alituamini, Profesa. Hili linanisumbua kuliko baridi na kuliko viti.

Hatuombi jengo. Ghorofa ya chini kuna chumba kilichogeuzwa stoo ya viti vibovu. Kikisafishwa kinaingiza meza ishirini bila kubanana. Kila meza iwe na soketi, na ziwepo betri za kutuvusha umeme unapokatika katikati ya uchambuzi. Pembeni kitengwe kijichumba kimoja chenye mlango, cha kusikilizia rekodi na kuongea na wasimamizi kwa simu. Kuingia kuwe kwa kitambulisho, na nafasi wapewe kwanza walio kwenye hatua ya kuchambua data na kuandika tasnifu. Wanaoanza masomo watanilaumu kwa hilo, lakini wao bado wana vipindi na madarasa yao. Anayeandika hana kwingine.

Kifunguliwe hadi saa nne usiku, mlinzi awepo, na njia ya kwenda getini iwekwe taa. Kina dada wengi wanaondoka mapema si kwa kuchoka, ni kwa kuogopa kile kipande cha giza.

Kwa siku zijazo, Serikali imechukua mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu, na vyuo vya umma kadhaa vimekuwa vikijenga kupitia fedha hizo. Chuo chetu nacho kikifika hatua ya kuchora jengo jipya, kwa fedha zozote zile, naomba chumba cha watafiti kiwemo kwenye ramani tangu siku ya kwanza, kisije kutafutiwa kona baadaye.

Kwa sasa tunaomba ufunguo wa stoo ile kabla muhula mpya haujaanza. Kuihamisha samani mbovu na kupaka rangi tutafanya wenyewe. Tunaomba pia miadi na ofisi yako, tuje na vipimo vya chumba na orodha ya walio tayari kujitolea.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa uzamili,
Mbeya